Nani Anashtakika Birongo?

Kuna aina ya kesi ambayo mawakili wa Kisii wameizoea kiasi cha kuchoka nayo. Mtu alinunua kipande cha shamba Birongo miaka ya tisini. Muuzaji alikuwa mzee wa heshima. Makubaliano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakatia sahihi au kidole, pesa zikahesabiwa, ua likapandwa. Mzee akafariki kabla ya kuhamisha hati. Wanawe wakakomaa, ardhi ikapanda bei, ua likang'olewa usiku. Mnunuzi akaenda kortini na kufungua kesi dhidi ya jina lililo kwenye hati miliki, yaani jina la mzee. Kesi ikafutwa kabla shahidi hata mmoja hajasikizwa. Hakuonekana mwongo. Alikuwa amemshtaki marehemu, na kwa sheria ya Kenya kesi iliyofunguliwa dhidi ya marehemu haikuwahi kuwa kesi.

Birongo ni kata katika eneo bunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, na kisa kama hicho kingeweza kutokea Keumbu, Keroka au Nyamira bila kubadilika hata nukta. Kinaonyesha swali linalotangulia maswali mengine yote ya mahakamani, nalo wananchi wengi hawajui kuwa lipo: huyu unayemlalamikia anashtakika?

Sheria za Kenya zinazounda mashirika hulijibu swali hilo kwa fungu la maneno ambalo halibadiliki: chombo chenye urithi wa kudumu, chenye lakiri yake, na chenye uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Fungu hili utalikuta katika sheria za kaunti, vyama vya ushirika na vyuo vikuu. Utalikuta pia katika katiba za vikundi vya vijijini visivyo na uwezo huo hata kidogo, kwa kuwa aliyeandika alinakili kutoka kwa mwenzake.

Kushtakika si kuwa na kosa. Yupo anayeshtakika na hana kosa lolote. Yupo mwenye kosa la wazi ambaye hashtakiki, angalau kwa sasa. Na yupo anayeshtakika, akashindwa, na usipate kwake hata ndururu, ama kwa sababu hana kitu, ama kwa sababu sheria imekataza mali yake kuguswa. Hayo ni malango matatu, na mlalamishi wa kawaida hudhani ni moja. Lugha ya kortini nayo humzidishia hofu: aliyeiba kuku na aliyechelewesha kodi ya duka wote huitwa mshtakiwa. Ndiyo maana samansi ya deni ikifika kijijini, watu huulizana kama fulani atafungwa.

Fungu hilo la kushtaki na kushtakiwa lilizaliwa Uingereza ya zama za kati, katika hati ambazo wafalme waliipa miji na vyuo. Mji ulitaka kudai kodi ya vibanda vyake vya soko, lakini nani angesimama mbele ya jaji? Wenyeji wote? Meya, ambaye huenda angekufa kabla ya hukumu? Hati ambayo Mfalme Henry wa Sita aliupa mji wa Hull mwaka 1440 hutajwa na wanahistoria miongoni mwa mifano ya kwanza iliyokamilika: mji ukawa mtu mmoja machoni pa sheria, ukamiliki ardhi, ukashtaki, ukashtakiwa. Mwaka 1612, katika kesi ya Hospitali ya Sutton, jaji Edward Coke alieleza kwamba shirika la namna hiyo halionekani wala halifi, na kwamba liko katika fikra za sheria pekee. William Blackstone akauorodhesha uwezo huo katika vitabu vyake vilivyoanza kutoka mwaka 1765, na watunga sheria wa himaya nzima wakawa wananakili tu.

Tazama mpango wenyewe. Mji haukupewa uwezo wa kushtaki peke yake. Aliyetaka kuwaita wenzake kortini ilibidi akubali na yeye kuitwa. Kwa hiyo kushtakika kulikuwa hadhi kabla ya kuwa mzigo: dalili kwamba sheria inakuona, inajua jina lako, na mtu anaweza kufanya biashara na wewe bila kuogopa kwamba kesho utayeyuka. Hadhi hiyo ndiyo adimu Gusii, yaani Kisii na Nyamira, kuliko tunavyodhani, na wasioishika si wakubwa tu. Walio wengi ni marehemu na vikundi visivyo na umbo.

Sheria ya Kiingereza ilipokelewa katika himaya ya Afrika Mashariki kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na tarehe hiyo bado imo katika sheria ya mahakama za Kenya hadi leo. Gusii ilifikiwa baadaye, na haikufikiwa na samansi. Mwaka 1905 yalikuja majeshi. Mwaka 1908 Mgusii aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa utawala, Northcote, na msafara wa adhabu ukafuata. Nyumba zikachomwa na maelfu ya ng'ombe wakachukuliwa. Hakuna Mgusii aliyefungua kesi ya ng'ombe wale. Angeifungua wapi, na dhidi ya nani?

Wamasai walijaribu. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kupinga kuhamishwa kutoka Laikipia, wakitaja mkataba wa mwaka 1904 ulioahidi kwamba ardhi hiyo itakuwa yao. Majaji waliwajibu kwamba mkataba ule ulikuwa wa dola na dola, kama ule wa Uingereza na Ufaransa, na kwa hivyo mahakama ya kawaida haiwezi kuutekeleza. Ni hukumu ya ajabu. Wamasai walipandishwa cheo wakawa dola huru kwa muda uliotosha tu kuwafungia mlango. Serikali haikuhitaji kuthibitisha kwamba ilifanya haki. Ilitosha kwamba haishtakiki.

Kabla ya hayo, na kwa miaka mingi sambamba nayo, Abagusii walikuwa na njia yao. Malalamiko yalipelekwa kwa abagaka, wazee wa baraza la ujirani, na aliyejibu alikuwa boma zima la mtu, si mtu pekee. Deni la ng'ombe wa mahari halikufa na mwenye deni. Lilimfuata mwanawe, na mwana hakuweza kusema kwamba hakuwapo wakati wa makubaliano. Mtu anaweza kuuona utaratibu huo kuwa mkali, na kweli ulimbebesha kijana makosa ya baba. Lakini ulikuwa na jibu kwa swali linaloishinda sheria ya leo: marehemu anashtakikaje? Anashtakika kupitia waliobaki kwenye boma lake, na wanajulikana kwa kila jirani.

Sasa turudi kwa marehemu wa sheria mpya, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za mashamba ya Gusii zinapokwama. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019. Mashamba yalipopimwa na kusajiliwa katika miaka ya sitini na sabini, hati nyingi ziliandikwa jina la mzee mmoja, baba wa wana watano au kumi. Wazee wale wengi wameshafariki. Hati bado zina majina yao. Wajukuu wamejenga, wamepanda chai na migomba, wameuza kona ya barabarani, wamezika wafu wao humo, na kisheria hakuna hata mmoja wao aliye mwenye shamba.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Inasema kwamba mali ya marehemu iko mikononi mwa msimamizi anayeteuliwa na mahakama. Asiye na cheti cha usimamizi hawezi kushtaki kwa niaba ya marehemu, wala hawezi kushtakiwa kwa niaba yake. Mahakama ya Rufaa ilishikilia hivyo mwaka 1993 katika kesi ya kampuni ya Trouistik Union: ukaribu wa damu au wa ndoa hautoshi, cheti ndicho kinachofungua mlango. Na mambo hayaishii kwenye kufungua kesi. Mshtakiwa akifariki katikati ya kesi, mlalamishi ana mwaka mmoja wa kuhakikisha jina la msimamizi limeingizwa mahali pake. Ukipita, kesi dhidi ya marehemu huyo inakoma.

Kwa nini basi familia hazichukui vyeti? Jibu la kawaida ni gharama na safari za kortini. Ni kweli, lakini si lote. Ombi la usimamizi huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, na sheria haibagui binti na mwana. Mwana wa kiume anayeomba cheti lazima awaandike dada zake, hata wale walioolewa Bomachoge au Nyamira. Wengi huona heri hati ikae kwa jina la babu kuliko kuanzisha mazungumzo hayo. Hapo kuna manufaa ambayo hayasemwi hadharani: mradi hakuna msimamizi, hakuna wa kushtakiwa. Mnunuzi aliyedhulumiwa hana pa kuelekeza kesi, na dada aliyenyimwa hana pia. Babu aliyekufa amekuwa ngome ya wajukuu wake.

Ngome hiyo ina nyufa, na inafaa zijulikane. Kifungu cha 45 cha sheria hiyo hiyo kinafanya kuwa kosa la jinai kuuza au kugawa mali ya marehemu bila cheti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa kipimo hicho nusu ya mabaraza ya mauzo ya ardhi vijijini ni mikutano ya washukiwa. Kwa upande wa madai, anayedai anaweza kuiomba mahakama iwaite warithi kwa wito rasmi, waje wachukue usimamizi au wakatae. Wakikataa, sheria inamweka mdai mwenyewe katika orodha ya wanaoweza kuteuliwa, ingawa nafasi yake ni ya mwisho. Upo pia usimamizi wa muda unaotolewa kwa ajili ya kesi moja tu, usiogusa ugawaji wa mali. Njia zote hizi ni ndefu. Lakini mtu aliyekaa shambani bila kificho kwa zaidi ya miaka 12, ambaye Sheria ya Ukomo wa Mashtaka inamruhusu kuomba umiliki, hana budi kuzipitia, kwa kuwa ombi lake lazima limtaje mtu aliye hai.

Hapo nimekaa sana kwa sababu panastahili. Watoto nitawapita haraka: aliye chini ya miaka 18 hushtaki kupitia mtu mzima anayesimama badala yake, na hushtakiwa kupitia mlezi aliyeteuliwa kwa kesi hiyo. Wake za watu wana historia ya ajabu zaidi. Katika sheria ya zamani ya Uingereza mwanamke alipoolewa alipotea ndani ya mumewe, hakushtaki wala kushtakiwa peke yake, na mkopeshaji alimwandama mume. Bunge la London liliondoa sehemu kubwa ya hali hiyo kwa sheria ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa, na sheria hiyo ya Malkia Victoria iliendelea kutumika katika mahakama za Kenya mpaka nchi ilipotunga yake mwaka 2013.

Vikundi ni shida ya aina nyingine. Karibu kila mtu mzima Birongo yuko katika chama fulani: cha akina mama wa soko, cha mazishi, cha wanabodaboda, cha waliosoma pamoja. Vingi vina cheti kutoka ofisi ya huduma za jamii, na cheti hicho hutundikwa ukutani kama hati ya ufalme. Lakini kwa miaka mingi cheti cha kikundi cha kujisaidia hakikukifanya kikundi kuwa mtu wa kisheria, na mahakama zimefuta kesi nyingi zilizofunguliwa kwa jina la kikundi au dhidi ya kikundi. Anayetaka kukishtaki kikundi kisicho na nafsi ya kisheria lazima awataje viongozi, mwenyekiti na katibu na mweka hazina, wakiwakilisha wanachama wote. Hapo mwenyekiti aliyechaguliwa kwa sababu anaongea vizuri hugundua kwamba jina lililo kwenye samansi ni lake, na ng'ombe ambaye huenda akauzwa ni wake. Chama cha ushirika ni kitu tofauti: kikisajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika kinakuwa na nafsi yake. Kanisa Katoliki la Gusii hushtakiwa kupitia wadhamini waliosajiliwa, ambao muumini wa kawaida hajawahi kuwaona.

Na kuna vikundi ambavyo kutokuwa na umbo ndiko nguvu yao. Sungusungu wa Kisii walichukua jina la walinzi wa jadi wa Usukuma na Unyamwezi, walioanza Tanzania mwanzoni mwa miaka ya themanini na baadaye wakatambuliwa na sheria ya huko. Gusii hakukuwa na sheria iliyowatambua. Waliwapiga watu, waliwatoza watu, wakati mwingine waliwaua watu, na aliyetaka kudai fidia hakuwa na jina la kuandika kwenye karatasi. Serikali ilipopiga marufuku makundi ya namna hiyo, ilitumia sheria ya jinai, njia pekee iliyobaki pale ambapo kesi ya madai haina wa kumshika.

Bodaboda ni mfano wa kinyume: anayeshtakika pasipo kujua. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinasema aliyesajiliwa ndiye anayechukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Sasa fikiria aliyeuza pikipiki kwa mkono, akapokea pesa na kusahau kuhamisha logibuku. Miaka miwili baadaye pikipiki inamgonga mama sokoni. Wakili wa mama anatafuta jina kwenye rekodi, na samansi inamfikia muuzaji. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2005, katika kesi ya Securicor na Kyumba Holdings, kwamba usajili si neno la mwisho na muuzaji anaweza kuonyesha kwamba alishakabidhi chombo. Anaweza, ndiyo, akiwa na karatasi ya mauzo. Wengi hawana. Kampuni ya bima nayo haishtakiwi moja kwa moja na mwathiriwa. Kwanza anapata hukumu dhidi ya mwenye chombo, kisha anaibana bima kwa kesi ya pili, mradi ilipewa ilani kwa wakati, na kiasi inachowajibika kulipa kwa mtu mmoja hakizidi shilingi milioni 3.

Tukija kwa serikali, mzizi ni imani ya Kiingereza kwamba mfalme hawezi kutenda kosa na hawezi kuitwa katika mahakama yake mwenyewe. Aliyekuwa na dai alipeleka ombi la unyenyekevu na kungoja ridhaa. Kwa madhara ya mwili hata ombi hilo halikufaa, kwa hiyo serikali ilikuwa ikimtoa afisa mmoja ashtakiwe kwa jina lake, nayo ikalipa kimyakimya. Mchezo huo ulivunjika mwaka 1946 katika kesi ya Adams dhidi ya Naylor. Watoto wawili walikuwa wakicheza kwenye vilima vya mchanga vilivyotegwa mabomu ya vita, mmoja akafa na mwingine akaumia, na majaji wa juu wakakataa kujifanya kwamba afisa aliyetajwa ndiye mkosaji. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu serikali kushtakiwa. Kenya ikaiga mwaka 1956 kwa Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 40, ambayo ingali hai.

Sheria hiyo ilifungua mlango kwa mkono mmoja na kuubana kwa mwingine. Ndani yake liliwekwa sharti la kutoa ilani ya siku 30 kabla ya kufungua kesi. Mwaka 2012 Jaji David Majanja aliamua, katika kesi ya Kenya Bus Service, kwamba sharti hilo linakiuka haki ya kufikia mahakama iliyomo katika kifungu cha 48 cha Katiba. Sheria nyingine, Sura ya 39, ilimpa aliyeumizwa na gari la serikali miezi 12 tu ya kushtaki, wakati aliyeumizwa na gari la jirani ana miaka 3. Zuio kubwa kuliko yote ni kifungu cha 21 cha Sura ya 40, kinachokataza mali ya serikali kunadiwa ili kulipa hukumu. Tangu mwaka 2015 zuio hilo limetajwa waziwazi kuwa linazihusu pia serikali za kaunti.

Kwa mkandarasi aliyejenga kalvati Birongo maana yake ni hii: Kaunti ya Kisii inashtakika bila ubishi, na anaweza kushinda, kisha akabaki na karatasi. Hawezi kumtuma dalali kwenda kuchukua magari ya kaunti. Lazima achukue cheti cha deni, arudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia hesabu alipe, na asipolipwa arudi tena kuomba afisa huyo aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Waliokuwa na kesi dhidi ya mabaraza ya zamani, kama Baraza la Kaunti ya Gusii na la Manispaa ya Kisii, waliongezewa hatua nyingine mbele: baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza hayo hayakuwapo tena, na ilibidi kwanza ipatikane hukumu kwamba kaunti ndiyo mrithi. Naona ni halali kulinda ambulensi na mabomba ya maji yasinadiwe. Sioni uhalali wa kumfanya mwenye hukumu afungue kesi ya pili na ya tatu ili alipwe kile ambacho jaji alishasema ni chake.

Rais ndiye anayezungumzwa zaidi kuhusu kinga. Kifungu cha 143 cha Katiba ya 2010 kinamkinga dhidi ya kesi za madai akiwa madarakani kwa yale anayoyafanya katika kazi yake. Kesi ya BBI, iliyopinga mpango wa kurekebisha Katiba, ililichimba swali hilo ngazi kwa ngazi. Mahakama Kuu, tarehe 13 Mei 2021, ilisema Rais anaweza kushtakiwa akivunja Katiba. Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono mwezi Agosti. Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2022, ikaligeuza: akiwa ofisini hashtakiki. Jambo ambalo redio hazikulitangaza ni kwamba kifungu hicho hicho kinasimamisha saa. Muda wa ukomo hauhesabiwi wakati Rais yuko madarakani, kwa hiyo dai linamsubiri. Kinga yake ina mwisho unaojulikana. Ya babu aliye kwenye hati miliki haina mwisho mpaka mtu aende kortini.

Lakini kesi iliyowagusa watu wa Gusii kwa uchungu zaidi haikuhusu serikali. Kwa vizazi vingi wamekuwa wakivuka kwenda Kericho kuchuma chai na kuishi katika nyumba za mashamba makubwa. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007, makundi ya washambuliaji yaliingia katika shamba la Unilever Tea Kenya na kuwasaka wafanyakazi wa makabila yaliyoonekana kuunga mkono upande wa pili, Abagusii wakiwa wengi miongoni mwao. Watu saba waliuawa. Wengine walibakwa, wakakatwa, wakapoteza kila kitu. Washambuliaji walikuwa kama Sungusungu, umati usio na jina. Kwa hiyo walalamishi 218 waliuliza swali jingine: je, kampuni mama iliyoko Uingereza inashtakika kwa kutowalinda?

Walikwenda London, majina yao yakifichwa kwa hofu ya kulipiziwa kisasi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya huko iliwakatalia, na Julai 2018 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo: kampuni ya Kenya na kampuni mama ni watu wawili tofauti, na ushauri uliotoka juu haukutosha kumfanya mama awajibike. Fikra hiyo ilitokana na kesi ya mshona viatu wa London, Aron Salomon, ambaye mwaka 1896 mabwana wa sheria walisema kwamba yeye na kampuni yake si kitu kimoja ingawa hisa karibu zote zilikuwa zake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki kampuni mama ya mgodi, Vedanta, na kulegeza kipimo kilichowaangusha wa Kericho. Lakini mwaka huo huo wa Kericho walinyimwa ruhusa ya kukata rufaa. Tangu hapo Unilever imeuza biashara yake ya chai, na mashamba ya Kericho yakatangazwa mwaka 2024 kwenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Atakayeumia huko kesho atalazimika kuanza kutafuta upya nani wa kumwandika.

Nairobi imejibu swali kama hilo kwa namna nyingine. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha kwa ajili ya Facebook kupitia kampuni ya Sama, aliishtaki Sama pamoja na Meta ya Marekani, mmiliki wa Facebook. Meta ilisema haina ofisi Kenya, haifanyi biashara Kenya, na mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Tarehe 6 Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Ajira na Kazi alikataa kuiondoa katika kesi, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa ya Meta. Hakuna aliyesema Meta ina makosa. Kilichoamuliwa ni kwamba inaweza kuitwa, ije ijieleze mbele ya jaji wa Nairobi kama vile mwenye duka wa Birongo angeitwa Kisii. Na hata baada ya hapo mlalamishi ana kazi ambayo mawakili wa mashambani hawaifahamu sana: samansi kwa mtu aliye nje ya nchi haipelekwi kwa bodaboda wala kwa chifu. Inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza, na isipoombwa, kesi nzima inaweza kuanguka kabla jibu la kwanza halijaandikwa.